Maporomoko ya Ukutani

Baba yangu alitaka marumaru nyeupe za dukani. Nianze na hilo, kwa sababu watu wa kwetu Busi siku hizi husimulia kwamba ule ukuta wa vigae ulikuwa mpango wake tangu mwanzo, naye hakuwahi kuwasahihisha. Alikuja Dodoma kwa basi la Kondoa, vumbi limemjaa hadi kwenye kope, akafikia kwangu Area D, akanywa maji, kisha akaniomba nimpeleke kwenye maduka mapya ya vifaa vya ujenzi. Zilikuwa zama za ruksa. Miaka michache nyuma ungeweza kuuzunguka mji mzima ukitafuta kipande cha sabuni ya kufulia usikipate. Sasa wafanyabiashara walikuwa wameshusha masinki, mabomba yanayong'aa na marumaru za kila rangi kutoka nje, na kila aliyejenga choo alitaka kiwe kama cha hoteli.

Mimi, binti yake, nilikuwa mfinyanzi. Nyuma ya nyumba yangu nilikuwa na tanuri la matofali, na humo nilichomea vigae vya mapambo nilivyovichora kwa mkono, nikiwauzia watumishi wa serikali waliokuwa wakijijengea nyumba pale mjini. Majirani walilalamikia moshi, hasa jirani mmoja wa ofisi kubwa ambaye mashati yake meupe yalianikwa upande upepo unakoelekea. Kwa hiyo baba aliposimama mbele ya tanuri langu akataja marumaru za dukani, nilikasirika. Hasira zangu ziko karibu, sijawahi kulificha hilo. Nikamuuliza tangu lini mke wa fundi cherehani akavaa mitumba. Baba akacheka kidogo, akaketi juu ya gogo la kuni, kisha akaniambia kwamba marumaru hizo zilikuwa za birika la kutawadhia pale msikitini, na kwamba birika hilo lilikuwa sadaka kwa ajili ya mdogo wangu.

Mdogo wangu ndiye aliyekuwa kitinda mimba wa mama. Ruksa ile ile iliyoleta marumaru ndiyo iliyomchukua. Vijana walisikia kwamba siku hizi mtu yeyote anaweza kuchimba vito na kuviuza bila kukimbizana na askari, wakaacha mahindi na mbaazi shambani wakaenda kaskazini, machimboni. Naye alikwenda. Masika moja shimo lao likaingia maji. Wenzao waliokuwa juu walijaribu kuwatoa wakashindwa, kisha kingo za shimo zikaanguka, ikawa basi. Hatukuletewa maiti. Tuliletewa habari tu, na kijana aliyeileta alikaa kwetu muda mfupi, akakataa hata chai, akaondoka.

Baba alitaka kufanya kama inavyotakiwa. Mdogo wangu aswaliwe kama anavyoswaliwa mtu aliyefia mbali, na hitima isomwe nyumbani kwetu. Mama akakataa. Hakulia wala kupiga kelele. Alisema hakuna mtu atakayemsomea hitima mwanawe aliye hai, kwa kuwa hakuna aliyemwona amekufa. Waliokuja kumpa pole aliwauliza pole ya nini, kisha akawaandalia uji kama wageni wa siku zote. Kila Idi ilipokaribia alifua kanzu ya mdogo wangu na kuianika kwenye kamba ya mbele ya nyumba, si ya uani, ili kila apitaye ajue kwamba mwenyewe anatarajiwa.

Baba angeweza kulipitisha jambo hilo kwa nguvu. Ni nyumba yake, na maalimu wa msikiti alikuwa upande wake. Hakufanya hivyo. Aliniambia kwamba hawezi kuketi kusomewa dua ya mtoto huku mama wa mtoto amefunga mlango wa chumbani. Basi mdogo wangu akabaki hivyo, hahesabiwi kwa walio hai wala kwa waliokufa, na nyumba yetu ikabaki naye hivyo hivyo. Mwaka wa pili ukapita, tukaingia wa tatu. Nilikuwa nikienda kuwasalimia, na kabla sijamaliza kunywa chai ya kwanza nishatamani kurudi Dodoma. Nilimpenda mama yangu na nilichoka kukaa naye. Yote mawili yalikuwa kweli.

Sadaka ndiyo njia baba aliyoiona. Sadaka unaweza kumtolea mtu aliye hai na unaweza kumtolea aliyefariki, hivyo birika halikumlazimisha mama kukubali lolote. Nilipolielewa hilo nilimwambia baba asahau maduka, vigae vya birika nitavitengeneza mwenyewe. Akaniuliza nitachora nini, maana msikitini huchori ukitakacho. Nikasema nitachora maji. Akasema kama ni maji, basi nipande nikayaone tena yale ya msituni, nisije nikachora ya bombani.

Tulipanda wawili, mimi na yeye, wiki chache baada ya mvua kukatika. Ukitoka Busi kwenda juu, kwanza unavuka makorongo mekundu yaliyochimbwa na maji ya miaka mingi, kisha vilima vilivyoanza kurudisha majani tangu serikali ilipoamuru mifugo iondolewe, ndipo unapoufikia msitu. Baba alitangulia na panga, akikata matawi yaliyofunga njia. Mimi nilihema nyuma yake kama mtu wa mjini niliyekuwa nimeshageuka, viatu vyangu vikiteleza kwenye mizizi. Ndani ya msitu jua lilikatika ghafla na baridi ikatupanda miguuni. Magome ya miti yalikuwa na ukungu wa kijani unaobonyea ukiugusa. Njia ile niliijua kwa mgongo wa mdogo wangu. Tulipokuwa wadogo yeye ndiye aliyekuwa akitangulia, ingawa nilimzidi umri, na akifika penye kona hujificha ili anishtue, na mimi kila mara nikashtuka.

Maji unayasikia muda mrefu kabla hujayaona. Si maporomoko makubwa. Mtu aliyeona ya kwenye kalenda atakucheka. Yanashuka kwenye mwamba mweusi, marefu kupita mnazi kidogo, yanagawanyika katikati penye jino la jiwe, yanaungana tena, na chini yanatulia kwenye kidimbwi chenye majani yaliyooza. Pembeni kuna jiwe pana, limelala kama kitanda. Hapo ndipo mdogo wangu alipenda kukaa akituelekezea mgongo, uso wake majini. Ukimwita mrudi nyumbani anajifanya kelele za maji zimemziba masikio.

Baba alivua viatu, akatawadha kwenye kidimbwi, akaswali rakaa mbili kwenye kipande cha mchanga kilichokuwa kimekauka. Alipotoa salamu hakuinuka. Alikaa akilitazama lile jiwe, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia, na sikujua niende kwake au nibaki. Nilibaki. Nilitoa karatasi na kipande cha mkaa nikachora mwamba, jino la jiwe, majani yaliyoning'inia, jinsi maji yanavyokuwa meupe pale yanapopigika na meusi pale yanapopita taratibu. Nilichora hadi vidole vikafa ganzi, kwa sababu nilipoacha kuchora nilisikia kwikwi zake.

Tuliporudi mama alikuwa mlangoni. Akauliza kama maji yapo mengi, nikamwambia yapo. Akauliza kama jiwe bado lipo, nikamwambia lipo.

"Hamkumkuta?" akauliza.

Baba aliingia ndani. Mimi nilisema hapana, mama, hatukumkuta, nikahisi aibu ambayo sikujua ni ya nini. Asubuhi yake nilipokuwa nikifunga mzigo wa kurudi Dodoma alikuja akasimama karibu yangu, akaniambia kwamba amesikia nachora maporomoko kwa ajili ya msikiti. Akaniomba nimweke mdogo wangu pale kwenye jiwe lake. Nikamkubalia hapo hapo. Tangu habari ile itufikie lilikuwa ndilo jambo la kwanza alilonitaka nimfanyie.

Kazi ilinichukua kiangazi chote. Udongo niliukanda, nikautandaza kwa kipande cha bomba, nikaukata vigae kwa waya. Upepo wa Dodoma ni adui wa kigae kibichi. Unakikausha upande mmoja kikajikunja kama chapati, kwa hiyo nilivifunika kwa magunia yenye unyevu na kuvigeuza asubuhi na jioni. Vilipokauka nilivipanga uani vikiwa picha nzima, nikachora juu yake nikiwa nimepiga magoti, na majirani wakachungulia juu ya ua. Yule wa mashati meupe akaniuliza nachora Kilimanjaro. Nilimjibu vibaya.

Maji ndiyo yaliyonitesa. Kila nilipoyapaka kwa brashi yalitoka kama nywele. Mwishowe nilifanya jambo ambalo mfinyanzi mwenye akili halifanyi. Rangi ya kigae ni ungaunga uliokorogwa na maji, na ndani ya moto huyeyuka ukawa kioo, ndiyo maana vigae hulazwa chali tanurini, rangi isihame. Vile vya maporomoko nilivisimamisha. Nilitaka rangi itiririke yenyewe. Vingine viliharibika kabisa, vikaganda na mawe ya tanuri nikavivunja kwa nyundo. Lakini vilivyopona vilikuwa na maji yaliyoshuka kweli, mazito chini, membamba juu, na nilipovipanga uani nilicheka peke yangu.

Mdogo wangu nilimchora mwishoni. Alikuwa na urefu wa kidole gumba, rangi ya udongo mwekundu, ameketi kwenye jiwe na mgongo wake kwetu. Nililijua sharti. Mtoto yeyote aliyepita madrasa kwetu anajua kwamba msikitini haichorwi sura ya kiumbe, hata ya ndege. Ila nilijipa moyo kwamba asiye na uso hana sura, na mgongo wa kidole gumba kwenye ukuta mzima nani atauona. Nadhani ni sisi tu, watu tuliokulia kati ya msikiti na chungu, ambao tungeweza kupiga hesabu ya namna hiyo.

Vigae nilivifunga kwenye majani makavu ya mahindi, ndani ya makasha ya sabuni, vikapanda lori la mfanyabiashara wa Kondoa. Nilivijengea mwenyewe pamoja na baba, kwa saruji nzito, kwa sababu ukuta wa birika ulikuwa nje, unatazamana na njia, na maji ya watu wanaotawadha yangeupiga kila siku. Baba alipokipokea kigae chenye mdogo wangu alikishika muda mrefu. Akanitazama. Kisha akakipaka saruji mgongoni na kukiweka mahali pake.

Watu walifurahi. Wazee walikuja kugusa maji yale wakidhani yamelowa. Na mama, ambaye tangu msiba hakuwa akitoka ila kwenda shambani, akaanza kupita njia ile kila siku baada ya alasiri, wanaume wakishatawanyika. Husimama njiani na ungo wake, akatazama. Siku za kwanza nilijiona nimetenda jambo kubwa. Niliporudi Busi baada ya kitambo, shangazi yetu mmoja akaniambia kwamba mama hatazami tu. Anamsimulia. Anamwambia mbaazi zimechanua, anamwambia paa la jiko linavuja, arudi alitengeneze.

Maalimu alikuja nyumbani jioni ile ile. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi, aliyetufundisha sote kusoma. Tukamwamkia, akapokea kahawa, akauliza habari za Dodoma, kisha akasema yule mtu wa kwenye jiwe inabidi atolewe. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nikamwambia hana uso, nikamwambia ni mdogo kuliko punje ya hindi ukimtazama kutoka mlangoni, nikamwambia mengine ambayo mwanamke hamwambii maalimu wake. Akanisubiri nimalize.

"Sibishani nawe juu ya uso," akasema. "Mama yako anazungumza naye. Mwanangu, mtu anapaswa kuombewa. Huyu wenu anaombwa arudi."

Nilimtazama baba, na baba alikuwa akitazama mkeka. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo, na sote tulijua kwamba mama amesikia. Alitoka, akaweka kikombe chake kwenye sinia, akasema kama wanamtoa basi apewe yeye, na kigae kiletwe kizima.

Baba alikwenda asubuhi na tindo na nyundo, nami nikamfuata. Alianza pembeni, akigonga taratibu, akipuliza vumbi. Saruji yetu ilikuwa ngumu mno. Tulikuwa tumeichanganya kwa ajili ya kudumu, wala hatukuwaza kwamba kuna siku tutataka kitu kitoke. Alifanya kazi hadi jua likawa kali, jasho likimchuruzika kwenye ndevu, akikataa nimpokee. Mama alisimama njiani. Kisha tukasikia mlio mdogo, na baba akaacha kugonga. Kigae kilikuwa kimepasuka vipande vitatu, na mpasuko mmoja umepita mgongoni mwa mdogo wangu.

Akavitoa kimoja kimoja, akavipanguza kwa kikoi chake, akampelekea mama huku ameshindwa kuinua macho.

"Mama watoto, nimejitahidi."

"Nimeona," mama akasema. Alivipokea kwenye upande wa khanga, akaenda zake nyumbani, na tangu siku hiyo akaacha kupita ile njia.

Nilirudi Dodoma nikatengeneze kigae kingine, chenye jiwe peke yake. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa uchungu kuliko zote. Nilimkasirikia maalimu, nikamkasirikia baba, na zaidi nilikasirika kwamba walikuwa na haki. Niliogopa kwamba tumemnyang'anya mama mahali pekee alipokuwa na mwanawe, na kwamba sasa hatatupa tena lolote, si hitima, si hata maneno. Nikachoma kigae kile pamoja na oda ya mteja mwingine. Moto haurudiwi. Rangi zile zile, udongo ule ule, na bado jiwe likatoka jeupe zaidi kuliko lile la mwanzo, lina doa lililopauka katikati. Nilipolijengea ukutani doa likaonekana hata kutoka njiani. Nilimwambia baba nikipata muda nitakitoa nitengeneze kingine. Akasema hapana, tusiguse tena ukuta ule.

Mama alikuja siku iliyofuata. Sikumwita. Nilikuwa nikisugua saruji iliyochafua mifereji ya birika, nikasikia kandambili zake. Hakusimama njiani kama zamani. Alikuja hadi ukutani, akapiga magoti kwenye ile sehemu wanapokalia watu wakitawadha, akaweka kiganja chake juu ya jiwe. Alilitazama sana lile doa lililopauka. Unajua majani yanavyokuwa yamepauka ukiinua mkeka uliokaa uani siku nyingi. Doa lilikuwa la namna hiyo, na mimi niliyelichoma nilikuwa bado sijaliona hivyo hadi nilipouona mkono wake unavyolizunguka pole pole.

"Alikuwa amekaa hapa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Ameinuka."

Nilitaka kumwambia ni moto tu, ni kosa la tanuri. Nashukuru mdomo wangu siku hiyo ulinitii. Alilia pale pale, mkono wake ukiwa ukutani, kilio chote cha miaka ile, na wanaume waliokuwa wakija kuswali adhuhuri walimwona, wakageuka wakaenda kutawadhia kwa jirani. Alipomaliza alifungua bomba, akanawa uso, akaniambia nimwambie baba yangu awaite watu.

Walisoma Alhamisi. Wanawake tulikuwa uani, tumepika pilau tangu asubuhi, na kati yetu na wanaume palikuwa na pazia la khanga mbili. Juzuu ziligawanywa, sauti zikapanda pamoja kama kawaida, zikatua. Ndipo maalimu alipouliza, kama inavyoulizwa kila hitima, dua hii inakwenda kwa nani. Aliyetakiwa kujibu ni baba. Tulimsikia akikohoa, akaanza, akakwama. Akaanza tena, akakwama. Tukasikia kuku wakiparura nyuma ya jiko.

Mama alikuwa amekaa kando ya pazia. Hakuinuka wala hakulisogeza. Alisema neno ambalo tangu mwanzo hakuna aliyethubutu kulitamka mbele yake, akalitamka kwa sauti ya kusikika hadi barazani: "Marehemu." Kisha akalitaja jina la mdogo wangu, na la baba yake, na la babu yake. Maalimu akayarudia yote kama alivyoyasema, na sisi tukaitikia amina.